Kabla Hujanunua Dawa ya Minyoo ya Kuku

Ukiingia duka la dawa za mifugo mjini Moshi ukaomba "dawa ya minyoo ya kuku", hutatoka mikono mitupu. Mara nyingi utapewa pakiti ya piperazini kwa kuwa bei yake ni nafuu, na utaambiwa uichanganye kwenye maji. Tatizo ni kwamba hukuulizwa minyoo gani, na pengine hata wewe hujui. Piperazini humtoa kwa uhakika mnyoo mmoja tu, yule mviringo mkubwa wa kwenye utumbo mwembamba. Kama kuku wako wana tegu, au wanahara damu kwa koksidia, au wananyonywa usiku na utitiri uliojificha kwenye mbao za banda, pakiti hiyo ni fedha iliyomwagwa. Kuku wataendelea kukonda huku wewe ukiamini umeshawatibu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumjua mdudu, na inafanyika nyumbani bila gharama kubwa.

Kihamba na tambarare

Anza kwa kuangalia unafugia wapi. Kwenye vihamba, yale mashamba ya kuzunguka nyumba, vya Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu hadi Rombo, kuku huchakura chini ya migomba na mikahawa, mahali ambapo udongo haukauki kwa urahisi. Kuna majani ya migomba yaliyooza, kuna samadi ya ng'ombe wa ndani, kuna maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Mayai ya mnyoo mviringo yanapenda hali hiyo. Yakidondoka na kinyesi kwenye udongo wenye unyevu na joto la wastani, huchukua wiki mbili au tatu kufikia hatua ya kuambukiza, kisha hukaa hai kwa miezi. Nyungunyungu hubeba baadhi ya minyoo myembamba kama uzi. Konokono wasio na gamba hubeba aina moja ya tegu, na sisimizi na mbawakawa wa kwenye samadi hubeba aina nyingine. Kuku akimeza sisimizi amemeza na tegu. Ndiyo maana unaweza kumpa dawa leo, na kesho akajiambukiza upya pale pale kwenye lundo la samadi.

Ukishuka tambarare, kuelekea Kahe, Mabogini, TPC au Himo, mambo hubadilika. Joto na vumbi huwafaa zaidi viroboto wanaong'ang'ania usoni, na papasi wanaojificha kwenye nyufa. Usidhani huku hakuna minyoo. Utafiti wa kuku wa kienyeji uliofanywa mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 1997 ulikuta minyoo karibu kwa kila kuku, mara nyingi aina kadhaa ndani ya kuku mmoja. Kuku anayejitafutia chakula ana minyoo. Unachopaswa kujua ni aina gani na ni wengi kiasi gani.

Chunguza kwa macho yako

Njia bora ya mfugaji mdogo ni kumchinja kuku mmoja aliyekonda na kumpasua vizuri. Usichague aliyenenepa kwa ajili ya mboga, mchague yule anayekutia wasiwasi, ila kama alikuwa anaumwa kweli nyama yake usiile. Toa utumbo wote, uuweke kwenye beseni la maji safi, uupasue kwa mkasi kwa urefu wake, kisha uangalie kwenye mwanga.

Mnyoo mviringo utamwona mara moja. Ni mweupe, mnene kama tambi, na aliyekomaa hufika sentimita 5 hadi 10. Wakiwa wengi huweza kuziba utumbo. Tegu ni bapa kama utepe, mwenye pingili, na kichwa chake kimeng'ang'ania ukutani mwa utumbo. Aina moja ni ndogo mno, haifiki hata sentimita moja, kwa hiyo sugua ukuta wa utumbo polepole ndani ya maji uone kama kuna vitu vyeupe vinaelea. Kisha fungua vile vifuko viwili virefu vilivyo mwishoni mwa utumbo. Minyoo midogo myeupe ya kama sentimita moja humo ni aina nyingine, na ina hatari ya pekee kwa anayefuga bata mzinga: hubeba kijidudu kinachoharibu ini la bata mzinga na kuwaua. Usiwafuge pamoja na kuku. Ukikuta vifuko hivyo vimejaa damu, hiyo ni dalili kubwa ya koksidia.

Umri wa kuku nao unasema mengi. Mnyoo mviringo huhitaji wiki 5 hadi 8 tangu kuingia tumboni mpaka akomae. Kifaranga wa wiki tatu aliyejikunyata, mbawa zimeshuka na kinyesi kina damu, hana shida ya minyoo mikubwa. Huyo mfikirie koksidia kwanza, na usimpotezee siku mbili kwa dawa ya minyoo, maana anaweza kufa kabla hazijaisha.

Kama hutaki kuchinja, chukua kinyesi kibichi cha asubuhi kutoka kwa kuku kadhaa, ukiweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, kisikae juani, na umwone afisa mifugo wa kata akuelekeze. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo Arusha, na safari ya kutoka Moshi ni ya asubuhi moja. Kwa mwenye kuku mia na zaidi, nauli hiyo ni ndogo kuliko kutibu kundi lote kwa kubahatisha.

Dawa ipi kwa mnyoo yupi

Majina haya kwenye pakiti huandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiyatamka muuzaji atakuelewa.

Ukikuta mnyoo mviringo peke yake, piperazini inatosha. Humlegeza mnyoo akatolewa na kinyesi, na haimsumbui kuku. Udhaifu wake ni kwamba minyoo michanga mingi hubaki, hivyo lazima urudie baada ya wiki chache kama lebo inavyoelekeza. Siku mbili baada ya dawa ondoa maranda au pumba za bandani, usiyarudishe kwenye bustani ambayo kuku wanachakura.

Ukikuta mchanganyiko wa minyoo mviringo, ile ya kwenye vifuko na ile myembamba kama uzi, piperazini haitoshi. Hapo chagua levamisoli, au moja ya kundi la fenbendazoli na albendazoli. Levamisoli hufanya kazi vizuri, lakini ukizidisha kipimo humdhuru kuku mapema kuliko dawa nyingine. Albendazoli usimpe tetea ambaye mayai yake unataka yaanguliwe bila kumwuliza daktari wa mifugo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kudhuru kiinitete. Kundi hilo lote si zuri kwa kuku anayebadilisha manyoya, maana manyoya mapya yanaweza kuota vibaya.

Tegu ndiye anayewashinda wengi. Levamisoli na piperazini hazimgusi. Dawa zake ni niklosamidi na prazikwanteli. Albendazoli husaidia kwa baadhi ya aina tu. Nyingi za dawa hizi utazikuta zimetengenezwa kwa ajili ya mbuzi au mbwa, kwa hiyo kipimo cha kuku kiandikwe na daktari, usikikisie. Na usitegemee kumaliza tegu kwa dawa peke yake. Lundo la samadi lizungushie uzio wa matete au wavu kuku wasilifikie, na vichuguu vya sisimizi karibu na banda vimwagie maji ya moto.

Koksidia si minyoo. Dawa iliyozoeleka ni amproliamu, hutolewa kwenye maji kwa siku kadhaa mfululizo. Hapa wafugaji wengi hufanya kosa kwa nia njema: wanaona kifaranga dhaifu, wanachanganya amproliamu na vitamini. Amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima koksidia vitamini B1, kwa hiyo ukiongeza vitamini hiyo kwenye maji yale yale umempa mdudu chakula chake. Maliza dawa kwanza, vitamini zifuate. Kisha kausha banda. Mayai ya koksidia yakipata unyevu na joto huwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo pumba zilizolowa chini ya chombo cha maji hazitakiwi kulala hapo. Pumba za mpunga kutoka Chekereni zinapatikana kwa urahisi, hakuna sababu ya kuzibania wiki ambayo vifaranga wanaumwa.

Kuhusu shubiri mwitu, mwarobaini, pilipili na mbegu za papai, najua vinatumika katika nyumba nyingi, na shubiri kidogo kwenye maji haimuui kuku. Lakini kipimo chake hakijulikani, nguvu yake hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na kuku aliyejaa minyoo hana muda wa kungoja. Usivitegemee kama tiba. Ugoro na tumbaku kwenye maji vikatae kabisa, ni sumu kwa kuku.

Kipimo, na tatizo la mfongo

Lebo nyingi husema gramu fulani kwa lita fulani za maji. Maelekezo hayo yanamfikiria kuku aliyefungiwa, mwenye chombo kimoja cha maji. Kuku wa kihamba anakunywa kwenye mfongo, anadonoa kigogo cha mgomba kilichojaa maji, analamba umande. Mwezi Julai, baridi ya Marangu ikikaza, anakunywa kidogo sana. Ukimwekea dawa kwenye ndoo kisha ukamfungulia, anaweza asionje hata tone. Kipimo pungufu hakiui minyoo yote, na ile inayobaki ndiyo inayozoea dawa.

Fanya hivi. Jioni watoe maji bandani. Alfajiri usifungue mlango. Weka dawa kwenye maji kidogo, kiasi ambacho watamaliza kwa saa mbili au tatu, na vyombo viwe vingi ili wanyonge nao wapate nafasi. Kwa kundi dogo, kuku 10 au 20, nashauri umnyweshe mmoja mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiingiza polepole pembeni mwa mdomo ili asipaliwe. Ni kazi ya asubuhi moja, na ndiyo njia pekee ya kuwa na hakika kila kuku amepata kipimo chake.

Kipimo kifuate uzito. Pima kuku watatu au wanne wa ukubwa tofauti kwa mizani ya kuning'iniza, upate wastani. Tuseme una kuku 20 wenye wastani wa kilo moja na nusu: jumla ni kilo 30. Lebo ikisema miligramu 20 za dawa kwa kila kilo, unahitaji miligramu 600. Kama unga huo una asilimia 10 ya dawa, yaani kila gramu moja ina miligramu 100, basi ni gramu 6 za unga. Gramu 6 usizikadirie kwa kijiko cha chai. Mwombe muuzaji akupimie, au ununue dawa ya maji ambayo unaweza kuipima kwa bomba.

Wadudu wa nje

Hawa watafute mara mbili, mchana na usiku. Mchana mshike kuku, fungua manyoya chini ya njia ya haja na chini ya mbawa. Chawa ni wa rangi ya njano iliyofifia, wanakimbia ukifungua manyoya, na mayai yao yamegandamana kwenye shina la unyoya. Utitiri unaoishi juu ya kuku huacha manyoya ya sehemu hiyo yakiwa meusi kama yamepakwa uchafu. Angalia uso: vidoti vyeusi vilivyoganda kando ya macho na kwenye upanga ni viroboto. Angalia miguu: magamba yakiwa yameinuka na kukauka kama chokaa, kuna utitiri chini yake.

Usiku, saa mbili hivi baada ya giza, ingia na tochi na kitambaa cheupe. Futa kitambaa chini ya fito za kulalia. Kikiwa na vidoti vyekundu vinavyotembea, na ukivibonyeza vinaacha damu, huo ni utitiri mwekundu, ambao mchana hauko juu ya kuku kabisa. Unaweza kupaka kuku unga wa dawa kila wiki na usiuguse utitiri huo, kwa sababu umejificha kwenye banda.

Na mabanda yetu mengi yanaupa makazi mazuri. Tunajenga kwa mabanzi, yale mapande ya pembeni yanayobaki mti ukipasuliwa, tena tunayaweka na magome yake. Chini ya kila gome kuna maficho ya maelfu. Kabla ya kufikiria dawa, bandua magome yote, choma takataka, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio ya fito, ziba nyufa, kisha paka chokaa. Hapo ndipo dawa itapata kazi ndogo ya kufanya. Nyunyizia banda dawa ya permethrini iliyosajiliwa kwa matumizi hayo, kuku wakiwa nje, na urudie baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Usitegemee kuacha banda tupu kwa wiki mbili: utitiri mwekundu hukaa miezi bila kula, na papasi huweza kupita mwaka mzima. Papasi nao hueneza ugonjwa wa homa na kuhara kijani unaofanana na mdondo, kwa hiyo ukiwakuta nyufani na kuku wanakufa, mwambie daktari kuhusu papasi hao.

Chawa na utitiri wa juu ya kuku hutibiwa kwa unga uliosajiliwa kwa kuku, ukiusugua chini ya mbawa na karibu na njia ya haja, na kurudia baada ya muda huo huo. Viota vibadilishwe matandiko siku hiyo hiyo, majani makavu ya migomba ya zamani yachomwe. Shimo la majivu makavu na vumbi chini ya paa ni msaada wa kweli, kuku watajioga wenyewe. Viroboto wa usoni wapake mafuta mazito ya mgando juu yao mpaka wakose hewa, bila kuyagusa macho, kisha shughulikia sakafu wanakozaliana. Mbwa wa nyumbani naye atakuwa nao, mtibu, ila permethrini usiitumie kwa paka, inaua. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke, ipake mafuta ya mgando kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa na oili chafu huunguza ngozi na kuingia mwilini. Viache.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya yote. Katika kihamba dawa nyingi zinakaa stoo moja: dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia kahawa, dawa ya mahindi. Utitiri ukizidi, mkono hufika kwenye chupa iliyo karibu. Dawa ya kahawa haina mahali kwenye banda la kuku. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe nayo hutumiwa kwa kuku kwa matone, na kwa mwili mdogo hivyo ni rahisi mno kuzidisha. Isitumike bila daktari, na mayai yake yasiliwe mpaka atakaposema.

Hili la mayai si la kwetu tu. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani na nchi nyingine baada ya kugundulika yana fipronili, dawa ya wadudu isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula, iliyokuwa imetumika kwenye mabanda kuua utitiri mwekundu. Yaligundulika kwa sababu kulikuwa na maabara za kuyapima. Yai la kihamba halipimwi na mtu, linaenda moja kwa moja kwenye sahani ya mtoto, kwa hiyo kipimo chake ni uaminifu wako.

Dukani

Nunua pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho na maelekezo ya kuku, si unga uliopimwa kwenye karatasi. Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na viuatilifu vya kunyunyizia vipo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Tafuta muda wa kusubiri kabla ya kula nyama na mayai. Lebo ikisema dawa isitolewe kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa, rudisha pakiti, omba nyingine.

Kuhusu muda wa kutibu, ratiba ya miezi mitatu mitatu inayosemwa kila mahali ni mwanzo mzuri, lakini mlimani ifungamanishe na mvua. Tibu mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na tena mwishoni mwa Juni, ardhi ikiwa imeshalowa miezi mitatu na mayai ya minyoo yamejaa. Kwa tambarare kavu, kinyesi kikipimwa na kuonekana hakina shida, ruka zamu. Ukichanja mdondo kwa tone la chanjo ya I-2 kila miezi mitatu, toa dawa ya minyoo wiki moja kabla, kwa kuwa kuku aliyejaa minyoo hapokei chanjo vizuri. Siku 10 hadi 14 baada ya dawa, pima kinyesi tena. Mayai ya minyoo yakiwa bado mengi, ama kipimo kilipungua ama dawa haifanyi kazi tena, na kununua pakiti ya pili ya aina ile ile hakutabadilisha chochote.

Desemba iwekee hesabu yake. Ndugu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi kuku wengi huchinjwa, na ndiyo wakati bei inapanda na wengi wanataka kuku wachangamke haraka. Kama lebo inataka siku 14 na kuku watachinjwa tarehe 24, dawa ya mwisho isipite tarehe 10, na ukiwa umerudia, hesabu kutoka mara ya mwisho. Wakati huo huo utaingiza kuku wageni uliowanunua sokoni Mbuyuni au Himo. Wafungie peke yao wiki mbili, mbali na banda, waangalie usiku kwa tochi, wape dawa ya minyoo wakiwa humo humo, na kinyesi chao cha siku hizo kichome au ukizike mbali na mahali kuku wengine wanapochakura.